Mwezi wa Mahameli na Gunia

Shule ya Msingi ya Wasioona,
Nyumba za Walimu, Na. 3,
S.L.P. 41.

Jumapili, 19 Oktoba

Mpendwa Kitinda,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa Mama hadi kwa paka ambaye bado hamjajuana. Hujambo, mdogo wangu? Wifi yangu hajambo? Na wale wapwa zangu wawili wa kwako, maana mimi nawaita wanangu lakini wao wananijua kwa picha tu, wameanza shule? Barua yako ya mwezi wa saba ilifika imelowa pembe moja. Tuliisoma hivyo hivyo, na pale palipofutika Mama alijazia mwenyewe kwa jinsi anavyokujua. Ulisema kifua kinakubana kwa ajili ya kuingia na kutoka kwenye ghala la baridi. Umepata nafuu? Ile fulana nzito umenunua, au bado utanunua kesho? Nijibu hilo kwanza kabla ya jingine lolote, Mama hanipi nafasi ya kupumua.

Sisi huku tu wazima. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, yakishapata joto anatembea vizuri na kutugombeza vizuri. Shemeji yako anakusalimu sana, na anakushtakia kwamba siku hizi vyombo vya jioni anaosha yeye. Ni kweli. Dada yako jioni hashikiki. Yuko uani na daftari, shingo juu, na Mama anasema natazama mbinguni kama kuku anayekunywa maji.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, uone mambo yaliyonipata.

Unajua mimi ni mtu wa cherehani. Miaka ishirini na miwili nimefundisha ushonaji katika shule hii, na vidole vya watoto wangu vinaweza kutunga uzi kwenye sindano kabla wewe hujavaa miwani. Sasa mwezi wa tano mwalimu wa sayansi wa darasa la sita alihamishwa, na wa kuziba pengo hakupatikana. Mkuu wa shule akaniita ofisini, akanikabidhi kitabu cha sayansi jinsi mtu anavyomkabidhi jirani mtoto mchanga: nishikie kidogo tu, narudi sasa hivi. Mpaka leo hajarudi.

Darasa lina watoto kumi na mmoja. Tisa hawaoni kabisa, wawili wanatofautisha mwanga na giza, basi. Nilianza nao mimea, nikaenda vizuri, kwa kuwa mmea unashikika. Tukapita maji, tukapita hewa. Yule mwalimu aliyehamishwa alikuwa ameacha muhtasari wake wote umechapwa kwa nukta nundu, yale maandishi yao ya kusomwa kwa vidole, kwa hiyo mimi nilikuwa nafuata tu. Siku moja msichana mmoja akanyoosha mkono. Wenzake wanamwita Hakimu, kwa sababu ugomvi wowote wa bwenini huishia kitandani kwake akautolee hukumu. Ana miaka kumi na mitatu na sauti ya mtu mzima.

Akasema, "Mwalimu, tumetoka mada ya saba tukaingia ya tisa. Ya nane mmeipeleka wapi?"

Nikapekua azimio la kazi la mwenzangu. Mada ya nane: Jua, Dunia na Mwezi. Mbele yake, kwa mwandiko wake mzuri, neno moja: irukwe.

Nilikwenda kumuuliza mwalimu wa taaluma. Akanieleza bila kinyongo kwamba ndivyo ilivyo kwa miaka kumi sasa. Mada ile ni ya kuona, wetu hawaoni, kwa hiyo katika mtihani wanaruhusiwa kuliruka lile swali na alama zake hugawiwa kwenye maswali mengine. Ni huruma, alisema. Nilirudi darasani nikawaambia vivyo hivyo. Kisha Hakimu akauliza, taratibu tu, huruma hiyo aliiomba nani.

Kitinda, swali lile lilinifuata mpaka jikoni. Kesho yake nikamwambia mkuu wa shule kwamba naomba kuifundisha mada ya nane. Mwalimu wa taaluma alikuwepo, akatikisa kichwa, akasema nitajichosha na kuwachosha watoto. Mkuu naye hakutaka kuonekana ameegemea upande, akaamua hivi: nifundishe, na mkaguzi akija mwezi wa kumi aje aone somo lenyewe. Akiridhika, swali lirudishwe kwa watoto wasioona wote. Asiporidhika, mada ifutwe rasmi na tusisumbuane tena. Nilikubali haraka, nikafika nje nikakumbuka kwamba juu ya jua na mwezi sijui kitu.

Usicheke. Wewe ndiye uliyekuwa unafungua redio za watu, mimi nilikuwa nazishonea vitambaa. Nilikwenda maktaba nikapata kitabu kimoja, kizuri, ila kurasa nne za katikati zilikuwa zimechanwa. Nikakisoma kilichobaki. Halafu nikanunua daftari, nikaanza kuangalia mwenyewe.

Nina miaka hamsini na mmoja, na nilikuwa sijawahi kuuona mwezi saa tisa mchana. Yaani lazima niliuona, upo juu pale kama kipande cha chaki kilichosahaulika, lakini sikuwa nimeutazama. Siku hiyo nilisimama kwenye kamba ya nguo na shuka begani mpaka Mama akaniuliza kama nimepigwa na jua. Nikamwonyesha. Akasema ahaa, huo, yeye anauona tangu utotoni, alidhani kila mtu anauona.

Tangu hapo nikawa naandika kila siku: saa ngapi, uko wapi, umbo gani. Unyooshe mkono mbele yako, ukunje ngumi, ndicho kipimo changu. Kila siku mwezi unasogea kutoka kwenye jua zaidi kidogo ya ngumi moja, kuelekea mashariki. Ukiwa nusu, jua likizama wenyewe uko juu ya utosi. Ukiwa mpevu, unachomoza upande huu wakati jua linazama upande ule, kama watu wawili wanaopokezana zamu bila kusalimiana. Niliyaandika yote hayo kwa mkono wangu, Kitinda. Kumbuka hivyo, maana aibu yangu inakuja.

Na hapa nina ombi. Kwetu mwezi ukiandama unalala chali kama bakuli. Nimesoma kwamba huko mbali kaskazini mliko unasimama wima kama kipini cha kikombe. Siamini mpaka nisikie kwa mtu wetu. Utazame jioni moja ukitoka zamu, unichoree nyuma ya barua. Mchoro wako ukiwa mbaya kama zamani, andika maneno tu.

Somo la kwanza lilikuwa mchana na usiku. Fundi umeme wa shule, mzee mpole ambaye nusu ya meno yake yaling'olewa kwa koleo, alinifufulia hita kuukuu ya chumba cha wagonjwa. Tukaiweka katikati ya darasa iwe Jua. Kila mtoto alisimama mbele yake, mgongo ukiwa kwenye joto, kisha akageuka polepole kwa kushoto. Joto linagusa kwanza shavu la kushoto: asubuhi. Linafika puani: adhuhuri. Linahamia shavu la kulia: jioni. Linapotea: usiku. Hita yenyewe haikusogea hata unywele.

Yuko mvulana mmoja tunamwita Redio kwa kuwa hazimwi. Alizunguka mara tatu, akanyamaza, jambo ambalo halijapata kutokea. Kisha akasema, "Kwa hiyo jua halichomozi. Sisi ndio tunaochomoza." Mimi nimefundisha pindo na vishikizo miaka yote hiyo, na hakuna mtoto aliyewahi kuniambia neno la namna hiyo juu ya pindo.

Nikapata kichwa kikubwa. Somo la mwezi nililiandika kwa siku mbili. Kurasa zilizochanwa kwenye kile kitabu zilikuwa ndizo za maumbo ya mwezi, lakini sikujali, maana hilo nililijua tangu darasa la tano: mwezi hupungua kwa kuwa kivuli cha Dunia kinaufunika. Tuliimba hivyo, tukapata vema hivyo. Nikaandika. Mwalimu wa taaluma mwenyewe akausoma muhtasari wangu, akausifu kwa mara ya kwanza, akauchapa kwa nukta nundu nakala arobaini, na nyingi zikaenda kwa posta kwenye shule mbili za wenzetu.

Nikatoa jaribio. Swali la tano: kwa nini mwezi hubadilika umbo? Watoto kumi waliandika kivuli cha Dunia. Hakimu aliandika: "Sijui sababu, lakini si kivuli cha Dunia." Nikampa sifuri. Na isitoshe, nikachukua sindano ya kuandikia, nikamtobolea chini yake kwa nukta: soma vizuri ulichofundishwa.

Alikuja Jumatatu, baada ya vipindi, kwenye chumba changu cha ushonaji. Hakuwa amekasirika. Alisema amekuja kuomba kutumia hita. Nikaiwasha. Akasimama mbele yake, akanyoosha mkono wa kulia pembeni, usawa wa bega.

"Mimi ni Dunia," akasema. "Mkono ni mwezi. Joto linanifika usoni, na mkononi linafika pia. Kivuli changu kiko wapi, Mwalimu?"

Nikamwambia kiko nyuma yake, kimelala sakafuni.

"Ndiyo. Kiko nyuma yangu tu. Sasa wewe ulitusomea daftari lako, kwamba nusu mwezi uko juu ya utosi wakati jua linazama. Huo uko pembeni. Kivuli changu kitafikaje pembeni?"

Nikaenda kusimama mahali pake, nikanyoosha mkono. Joto kwenye kiganja. Nikauzungusha mkono taratibu mpaka nyuma, na ni kule nyuma tu, kwenye sehemu ndogo sana, ndipo mwili wangu ulipoukinga. Nikachukua daftari mkobani. Kurasa kumi na nane, kwa mwandiko wangu: jua lipo, mwezi upo, vyote viwili angani, na mwezi nusu. Nilikuwa nimeona kila siku kwamba si kivuli, na kila siku nikaandika, kisha nikawafundisha watoto kitu kingine kwa kuwa niliambiwa nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Nikamuuliza alijuaje. Akasema hakujua, alijaribu tu bwenini akitumia kichwa cha mwenzake na mshumaa ambao hawakuruhusiwa kuwa nao, na akaniomba hilo la mshumaa nisilisikie. Nikasema sijasikia. Nikamwomba msamaha, Kitinda. Nilimwomba kwa sauti, nikachukua ile karatasi yake, lakini nukta zikishatobolewa hazifutiki vizuri. Nikazisugua kwa ukucha, zikabaki makovu. Akapitisha kidole juu yake, akasema inatosha.

Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi.

Jioni ile nilikwenda kwa mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma akaitwa. Nikawaeleza yote. Mkuu alisema kwa upole kwamba labda Alhamisi nifundishe mchana na usiku peke yake, somo lile ni zuri na halina kosa, na mwezi tuusogeze mbele. Mwalimu wa taaluma akasema jambo zito zaidi: kama mwalimu anayeona amekosea juu ya kitu anachokitazama kila siku, tutamshawishije mkaguzi kwamba asiyeona atakielewa? Na nakala arobaini zina muhuri wa shule. Hakusema kwa ubaya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona gari linaelekea mtaroni.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama anachambua mchele, nikamweleza. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama yule mtoto anajua kwamba nimejua. Nikasema anajua. Akaendelea na mchele wake. Nilikaa pale mpaka ukaisha, nikaona wazi kwamba naweza kumficha mkaguzi, lakini nitasimamaje mbele ya watoto kumi na mmoja huku mmoja wao akinisikiliza nikiruka mada aliyonirudisha ndani yake mwenyewe?

Basi nikarudi kwenye ufundi wangu. Lilikuwepo pazia kuukuu la jukwaa, la mahameli. Jikoni nikaomba gunia. Nikashona mipira mitatu ukubwa wa embe dodo, nikaijaza vitambaa mpaka ikakaza. Kila mpira nusu ni mahameli laini, nusu ni gunia linalokwaruza. Gunia ndio upande unaomulikwa na jua, mahameli ndio upande wa giza. Mmoja nikauchomeka kwenye mwiko. Anayeubeba mwezi anatembea akimzunguka mwenzake aliyeketi kwenye kigoda, na sharti ni moja, gunia lielekee kwenye hita daima, popote atakapokuwa. Anayeketi ananyoosha mikono na kupapasa upande ulio mbele yake tu.

Jaribu na chungwa, utaona. Mwezi ukiwa kati yako na hita, unapapasa mahameli matupu, gunia lote liko ng'ambo. Ukifika pembeni, nusu laini nusu gunia. Ukifika nyuma yako, lote gunia. Mwezi haupungui, mdogo wangu. Siku zote nusu yake imewaka. Tunaopungukiwa ni sisi, kwa sababu ya mahali tulipokaa. Niliushika mpira ule saa nzima siku ya Jumanne, nikiuzungusha mbele ya hita, na uzi wa ushonaji bado unaning'inia mdomoni. Shemeji yako alikuja kunitafuta akidhani nimeanguka.

Alhamisi mkaguzi akafika, mtu mrefu, mwenye suti ya kijivu na kalamu mbili. Alikaa nyuma. Mkuu wa shule mlangoni, mwalimu wa taaluma dirishani. Mikono yangu ilikuwa baridi mpaka nikaisogeza karibu na hita kama mtoto.

Nilianza kwa kusema kwamba wiki mbili zilizopita niliwafundisha kosa. Nikalitaja kosa lenyewe. Nikasema nakala zimekwenda kwenye shule nyingine na nimeandika barua kuzirudisha, na kwamba mwenzao mmoja alipata sifuri kwa kuwa alikuwa sahihi kuliko mwalimu wake. Nilisikia kalamu ya mkaguzi ikikwaruza karatasi. Redio alimgonga Hakimu kiwiko, na Hakimu akamgonga yeye kwa nguvu zaidi.

Kisha tukafanya kazi. Mmoja baada ya mwingine walikaa kwenye kigoda, mpira ukazunguka, vidole vikapapasa, na kila aliyeketi alisema anachokishika: mwandamo, nusu, mpevu, nusu ya pili. Mkaguzi akainuka. Aliuliza swali ambalo naamini alikuwa amelitayarisha la kutuangushia: kama mwezi mpevu uko nyuma ya Dunia, mbona basi haupatwi kila mwezi?

Hilo sikuwa nimewafundisha. Aliyeshika mwiko wakati huo alikuwa Redio, amesimama nyuma ya mwenzake. Alishusha mpira, akapeleka mkono kuupapasa kama una joto. Hakukuwa na joto. Akaupandisha juu ya kichwa cha mwenzake, akapapasa tena. "Hapa joto lipo," akasema. "Kumbe unapita juu kidogo, au chini kidogo. Siku ukinyooka nyuma kabisa, ndiyo siku unapatwa."

Mkaguzi akavua koti, akakaa kwenye kigoda kile kifupi, magoti yakamfika kidevuni, akafumba macho na kunyoosha mikono. Redio akamzungushia mwezi mzima, polepole, kwa adabu. Ilipofika nusu ya pili mkaguzi akasema, akiwa bado amefumba macho, "Hata mimi nilifundishwa kivuli." Halafu akaomba azungushiwe tena.

Barua yake ilikuja Jumatano iliyofuata. Swali la mada ya nane linarudishwa, litaulizwa kwa maneno bila michoro, na shule ziruhusiwe kutumia vitu vya kupapasa. Alama ya Hakimu nimeirekebisha kwenye daftari la alama. Nakala zilizokusanywa ni thelathini na saba. Tatu hazijulikani ziliko, na zinaninyima raha, ninavyokuandikia nawaza kuna mtoto mahali anapitisha kidole juu ya kosa langu. Mwalimu wa taaluma alikuja kwenye chumba cha ushonaji, akachukua mpira, akaugeuza geuza, akauliza kama naweza kushona ishirini kwa ajili ya zile shule mbili. Kuomba radhi kwake ndiko huko, na nimepokea. Ameanza kukata magunia mwenyewe, anayakata vibaya.

Ungedhani yameishia hapo. Siku ile ile ya barua, Hakimu alibaki darasani. Alisema mipira ameielewa, ila mipira nimeishona mimi na hita kaileta fundi. "Jua nalijua mwenyewe, linanichoma. Mwezi bado naambiwa tu."

Mwezi hauchomi, hausikiki, haunuki. Nilimpelekea fundi umeme swali hilo kama nilivyopewa. Alifikiri siku mbili. Zile taa za nje zinazojiwasha zenyewe giza likiingia, ndani zina kijicho kinachohisi mwanga. Alitoa kimoja kwenye taa mbovu, akakiweka mwisho wa bomba la kadibodi, mbele akafunga lenzi ya projekta iliyokufa, akakiunganisha na kengele ndogo. Kukiwa giza inanyamaza. Mwanga ukiingia inavuma, na mwanga ukizidi inavuma zaidi.

Juzi Ijumaa, baada ya chakula cha jioni, tulizima taa za uwanjani tukawatoa watoto wote. Mwezi ulikuwa umepita nusu, uko juu upande wa machweo. Bomba tuliliegemeza kwenye mgongo wa kiti ili mkono usitetemeke. Hakimu akaanza. Sikumwelekeza, alikataa kuelekezwa. Alipitisha bomba angani polepole kutoka upande mmoja, jinsi ninavyowafundisha kutafuta ukingo wa kitambaa. Kimya. Akalishusha kidogo, akarudi. Kimya. Wenzake walikuwa wamezuia pumzi, hata Redio. Alirudi mara ya nne, na kengele ikavuma.

Akalipitisha likatoka, sauti ikafa. Akalirudisha, ikavuma. Alifanya hivyo mara nyingi, kila mara akiingia kwa upande mwingine, kulia, kushoto, juu, chini, mpaka nikaelewa kwamba anatafuta kingo zake. Kisha akalituliza bomba katikati, akaondoa mikono yote miwili, akaiweka mapajani, akasikiliza.

Ikapita dakika kama mbili au tatu. Sauti ikaanza kufifia, ikafifia, ikazima. Fundi akapiga hatua akidhani waya umelegea. Nikamshika mkono.

"Sikugusa kitu," Hakimu alisema. "Umetoka wenyewe."

Halafu akaweka kidole kimoja tu kwenye bomba, akalisukuma kidogo sana kuelekea machweo, na ule mvumo ukarudi.

Kitinda, karatasi inaisha na Mama anataka nafasi ya kuandika mstari wake pembeni. Msalimie sana wifi yangu, umwambie kitambaa alichotuma nimekipenda na nitakishona mwezi huu. Wabusu wanangu wote wawili. Msalimie pia yule jirani yenu anayekuamkia kwa lugha yetu kila asubuhi, mwambie dada yako anamshukuru. Mama, shemeji yako, dada yetu mkubwa na watoto wake wote wanakutaja kwa mema. Mungu akutangulie njiani, akurudishe kwako salama kila utokapo kazini, na akuonyeshe uso wetu na sisi wako.

Mimi dada yako, ninayekupenda leo kama siku uliyozaliwa nikakubeba mgongoni.